Kamishna wa bima na kihenge usichokiona: nani hasa anasimamia bima Marekani?

Moto ulipoteketeza Pacific Palisades na Altadena, kule Los Angeles, Januari 2025, mabishano katika makundi ya WhatsApp niliyomo hayakuishia kwenye upepo na ukame. Kilichowachoma watu zaidi ni habari kwamba kulikuwa na wenye nyumba ambao kampuni zao zilikataa kuhuisha bima miezi michache tu kabla ya moto. Kila mmoja akamtafuta wa kumlaumu. Mmoja alitaka rais aziamuru kampuni zilipe. Mwingine akashikilia kwamba Marekani haina msimamizi wa bima kabisa, kila mtu na lwake. Wa tatu akauliza: kama kamishna wa bima yupo, mbona ada zinapanda kwa idhini yake?

Swali la tatu limenikaa moyoni, kwa sababu ndani yake mna kutoelewa kunakowagharimu watu wetu fedha nyingi. Wengi tuliokuja huku tumetoka katika nchi zenye msimamizi mmoja wa bima kwa taifa zima. Tanzania ina Kamishna wa Bima anayeongoza TIRA. Kenya ina IRA. Ukikwama, unajua mlango ni upi. Marekani haiko hivyo. Rais hana mamlaka ya kumwamuru mwenye kampuni ya bima amlipe fulani, na hakuna ofisi ya bima ya taifa yenye rungu. Kila jimbo kati ya 50 lina msimamizi wake, Washington D.C. ina wake, na maeneo matano yaliyo chini ya Marekani, kama Puerto Rico na Guam, nayo yana wao. Jumla ni 56. Sehemu nyingi anaitwa kamishna, kwingine mkurugenzi, na New York wanamwita msimamizi mkuu. Kazi ni ileile.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno, maana hapo ndipo kamba inapoanza kujisokota. Bima ni ahadi inayouzwa. Fedha unayolipa kila mwezi au mwaka ni ada. Karatasi inayoeleza kampuni imeahidi nini ni hati ya bima. Likikufika jambo, unapeleka dai, na dai likikubaliwa unalipwa fidia. Ukinunua mchele unauona, unauchambua, unaupima kiganjani. Ukinunua bima unarudi nyumbani na karatasi. Ubora wake utaujua siku nyumba imeungua, na siku hiyo huwezi tena kwenda duka la pili.

Sasa fikiria kijiji ambacho kila kaya hupeleka debe moja la mahindi kwenye kihenge cha pamoja kila mavuno, kwa makubaliano kwamba atakayepatwa na janga atachotewa. Kihenge kina mtunzaji. Mtunzaji anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini akaahidi watu wengi kuliko mahindi yaliyomo. Anaweza kuwa anachota usiku. Anaweza pia kuwa na mahindi tele na bado akamzungusha mjane aliyekuja na haki yake, akimwambia njoo kesho, njoo keshokutwa. Kwa nje kihenge ni kilekile, hakionyeshi kitu. Kamishna ndiye mtu ambaye jimbo limempa ngazi na taa: apande, afunue paa, ahesabu kilichomo, kisha ashuke amwulize mtunzaji kuhusu yule mjane.

Mtu wa kwanza kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu hakuwa mwanasiasa wala mfanyabiashara. Elizur Wright, aliyezaliwa Connecticut mwaka 1804, alikuwa mwalimu wa hisabati na mpiganaji wa kukomesha utumwa. Aliwahi kuwa katibu wa chama cha taifa cha kupinga utumwa kilichoundwa mwaka 1833. Mwaka 1844 alikwenda Uingereza, na pale Royal Exchange, London, akaona jambo ambalo hakulisahau. Wazee waliokuwa wamelipia bima za maisha kwa miaka mingi, sasa hawana uwezo wa kuendelea kulipa, walikuwa wakiuza hati zao kwa mnada. Wanunuzi walimtazama mzee alivyo, wakakisia atakufa lini. Aliyenunua alilipa ada zilizobaki na kusubiri kifo chake ili achukue fidia. Wright aliona mnada wa watumwa kwa sura nyingine. Sisi tunaotoka pwani, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, hatuhitaji kusimuliwa picha ile mara mbili.

Kwa nini mzee auze hati badala ya kuirudisha kwenye kampuni? Kwa sababu kampuni isingempa chochote. Bima ya maisha ya muda mrefu hutozwa ada ileile tangu ujana hadi uzee. Kijana wa miaka 25 hulipa zaidi ya hatari yake, na ziada ile huwekwa akiba kwa ajili ya miaka atakapokuwa mzee na hatari imezidi ada. Lakini ukikosa kulipa mara moja baada ya miaka 20, kampuni ilifuta mkataba na kubaki na akiba yako yote. Isitoshe, kampuni nyingi hazikuwa na akiba yenyewe. Fedha ilikuwa imeshagawanwa, imeshaliwa.

Wright alirudi nyumbani akakaa na majedwali ya hesabu. Alilifuata Bunge la Massachusetts kwa miaka, hadi mwaka 1858 ikapitishwa sheria kwamba kampuni ya bima ya maisha lazima iwe na akiba inayolingana na ahadi zake, na akiba hiyo ihesabiwe na jimbo. Akateuliwa kuwa kamishna, ahesabu mwenyewe. Mwaka 1861 likaja la pili: anayeshindwa kulipa hanyang'anywi tena kila kitu, bali sehemu nne kwa tano za thamani halisi ya hati yake zinatumika kumwendelezea bima kwa muda. Kampuni zilimchukia, na katikati ya muongo ule akaondolewa kazini. Hakunyamaza. Hadi kufa kwake mwaka 1885 aliendelea kuzihesabu, akiwa raia wa kawaida.

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa makusudi, kwa kuwa kinaonyesha kazi ya kamishna ilizaliwa kutokana na swali gani. Halikuwa swali la bei. Lilikuwa hili: je, ahadi hii ina mahindi nyuma yake?

Kwa nini jimbo, si taifa

Massachusetts haikuwa ya kwanza kuwa na makamishna. New Hampshire ilianza mwaka 1851. Majimbo mengine yakafuata, kila moja na sheria zake, na kampuni zikaudhika. Wakala mmoja wa Virginia, Samuel Paul, aliyetaka kuuza bima za moto za kampuni za New York, alinyimwa leseni, akauza hivyohivyo, akashtakiwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba biashara inayovuka mipaka ya majimbo ni ya serikali kuu. Mwaka 1869 mahakama ikamwambia hapana: hati ya bima si biashara ya namna hiyo, ni mkataba kati ya watu wawili, basi jimbo lina haki ya kuusimamia.

Uamuzi huo ulidumu miaka 75. Mwaka 1944, katika kesi ya umoja wa kampuni za bima za kusini-mashariki zilizoshtakiwa kwa kupanga bei pamoja, mahakama ileile ikageuka na kusema bima ni biashara inayovuka mipaka. Majimbo yakashtuka, kampuni zikashtuka, na mwaka uliofuata Bunge la taifa likapitisha sheria ya McCarran-Ferguson: usimamizi wa bima ubaki kwa majimbo, isipokuwa pale Bunge litakaposema wazi vinginevyo. Hapo ndipo tulipo mpaka leo. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 iliundwa Ofisi ya Bima ya serikali kuu ndani ya Wizara ya Fedha, lakini ofisi hiyo hukusanya taarifa na kushauri. Haitoi leseni, haikatai ada, haifungi kampuni.

Makamishna wenyewe wana umoja wao, NAIC, ulioanza mwaka 1871. Umoja huo huandika sheria za mfano na fomu za hesabu ili kampuni inayofanya kazi majimbo 50 isijaze fomu za namna 50. Lakini sheria ya mfano si sheria mpaka bunge la jimbo liipitishe.

Kwa mtu wa kawaida maana yake ni nini? Ni kwamba ukihama Ohio kwenda California umehamia chini ya mlinzi mwingine mwenye kanuni nyingine. Mfano unaowagusa wageni sana ni rekodi ya mikopo. Katika majimbo mengi, kampuni ya bima ya gari inaruhusiwa kuangalia historia yako ya kukopa na kulipa ili kupanga ada, na mtu aliyefika juzi, asiye na historia yoyote, anaweza kujikuta analipa zaidi ya dereva mbovu aliyezaliwa hapa. California, Hawaii na Massachusetts zimezuia jambo hilo kwa bima ya gari. Dereva ni yuleyule na gari ni lilelile, sheria ndiyo imebadilika.

Watu walio ndani ya ofisi

Katika majimbo 11 kamishna huchaguliwa kwa kura, yakiwemo California, Georgia, Washington, Kansas na Louisiana. Kwingine mara nyingi huteuliwa na gavana. Njia zote mbili zina ubora na ugonjwa wake. Aliyeteuliwa hutegemea aliyemteua. Anayegombea huhitaji fedha za kampeni, na wenye hamu kubwa ya kumchangia ni walewale atakaowakagua.

Kathleen Sebelius aliliona hilo mapema. Alipogombea Kansas mwaka 1994 alikataa michango ya kampuni za bima, akashinda. Mwaka 2002 alizuia kampuni ya Anthem kuinunua Blue Cross Blue Shield ya Kansas, akiona ununuzi ule ungewapandishia wananchi ada. Mahakama ya juu ya jimbo ikamuunga mkono. Baadaye akawa gavana, kisha waziri wa afya wa Marekani. Upande wa pili yupo Chuck Quackenbush wa California, aliyejiuzulu mwaka 2000. Kampuni zilizotuhumiwa kuwatendea vibaya wahanga wa tetemeko la Northridge la 1994 zilikwepa faini kubwa kwa kuchangia mifuko iliyoanzishwa chini ya ofisi yake, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwenye matangazo ya televisheni yenye sura yake mwenyewe. Louisiana makamishna watatu mfululizo waliishia gerezani. Sitaki kulifunika hili, kwa sababu kazi hii inashika fedha nyingi, na anayeshika taa ya kihenge naye anahitaji kumulikwa.

Hata hivyo kamishna ni mtu mmoja anayekuja na kuondoka. Idara husimama juu ya watumishi ambao majina yao hayatajwi. Kuna wakaguzi wa hesabu, wengi waliosomea uhasibu, ambao kwa kawaida angalau mara moja kila miaka mitano huingia katika kampuni yenye makao ndani ya jimbo lao na kupekua vitabu kwa miezi. Gharama za ukaguzi huo hulipwa na kampuni yenyewe. Wapo watakwimu bima, watu wa hisabati wanaokadiria ni madai mangapi yatakuja kesho kutokana na yaliyokuja jana. Wapo wanasheria wanaosoma kila neno la hati kabla haijauzwa, wapelelezi wa ulaghai, watoa leseni za mawakala, na wale wanaopokea simu za wananchi. Kijana wetu anayesoma uhasibu au takwimu huku na hajui aelekee wapi, hii ni kazi ya kweli, na anayeanzia ngazi ya chini hujifunza biashara nzima ya bima akiwa upande wa wananchi.

Bei: hapa ndipo watu hugombana

Turudi kwenye swali la kundini. Ikiwa kamishna yupo kwa ajili yetu, kwa nini anaidhinisha ada kupanda?

Sheria za karibu majimbo yote hutumia maneno yanayofanana: ada isizidi kiasi, isibague pasipo haki, na isiwe ndogo mno kiasi cha kutotosha. Watu huyasikia mawili ya kwanza. La tatu huwashangaza. Kamishna anatakiwa na sheria kuzuia bima iliyo rahisi kupita kiasi, kwa sababu anayewatoza watu nusu debe na kuwaahidi gunia zima atakuwa na wateja wengi sana mpaka siku ya njaa.

Namna ya kuisimamia bei hutofautiana mno. Yapo majimbo ambako kampuni hairuhusiwi kupandisha mpaka ipate idhini. Yapo ambako inawasilisha ada mpya na kuanza kuitumia, idara ikiangalia baadaye. Illinois, makao ya State Farm, moja ya kampuni kubwa za bima nchini, kwa miongo mingi imekuwa upande wa mwisho kabisa: idara haina mamlaka ya kuikataa ada ya bima ya nyumba, ushindani umeachiwa ufanye kazi hiyo.

California iko ncha nyingine. Novemba 1988 wapiga kura, wakiwa wamechoshwa na bima za magari, walipitisha Pendekezo 103. Ada zishushwe kwa asilimia 20. Nyongeza isitumike bila idhini ya awali. Mwananchi aruhusiwe kuipinga, na nyongeza ikizidi kiwango fulani pawe na kusikilizwa hadharani. Kamishna achaguliwe kwa kura. John Garamendi alikuwa wa kwanza kuchaguliwa, mwaka 1990, na kwa muda mrefu Wakalifornia walilipa bima ya nyumba kwa bei nafuu ukilinganisha na thamani ya nyumba zao.

Tatizo lilikuwa kwamba, chini ya kanuni za idara, ada ya hatari ya moto ilipangwa kwa kutazama hasara za miaka iliyopita. Kampuni haikuruhusiwa kutumia programu za kompyuta zinazokadiria moto ujao, wala kumpelekea mteja gharama ya bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima nayo hununua kwa kampuni kubwa zaidi ili janga likiwa kubwa isizame peke yake. Kanuni hiyo ilifaa pale ambapo jana ilifanana na kesho. Kisha ikaja mioto ya 2017, na Novemba 2018 mji wa Paradise ukaungua karibu wote. Kampuni zikapiga hesabu na kuona kwamba ada zilizoruhusiwa haziwezi kujaza kihenge. Kwa kuwa hazikuweza kupandisha haraka, zilifanya jambo ambalo hakuna sheria inayolizuia kabisa: zilipunguza wateja. Mei 2023 State Farm iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba California. Mwaka uliofuata ikatangaza kutohuisha mikataba ipatayo 72,000.

Je, kamishna hakuweza kuwazuia wasiondoke? Kwa sehemu ndogo. Sheria ya jimbo humruhusu kuzuia kwa mwaka mmoja ufutaji na ukataaji wa kuhuisha bima za nyumba katika maeneo yaliyopatwa na moto uliotangazwa kuwa dharura, na yale ya jirani. Mwaka ukiisha, umeisha. Hawezi kumlazimisha mfanyabiashara auze ahadi asiyotaka kuiuza, kama vile huwezi kumlazimisha mwenye daladala apite njia anayopata hasara, atapaki gari.

Ricardo Lara, kamishna wakati moto wa 2025 unawaka, alikuwa ameshaamua kubadilishana. Kampuni ziruhusiwe kutumia programu za kukadiria majanga na kuhesabu gharama ya bima mtawanyo, nazo ziahidi kurudi kwenye maeneo ya hatari, zikifikia asilimia 85 ya sehemu ya soko zinayoshika jimboni kote. Watetezi wa wateja walimpinga vikali, wakisema hesabu za programu hizo hazionekani na mwananchi, na wana hoja. Mei 2025 akaidhinisha nyongeza ya dharura ya asilimia 17 kwa bima za nyumba za State Farm, na ndiyo hiyo iliyowaudhi watu kundini.

Mimi naona hivi. Bei ya chini ya miaka ile haikuwa zawadi. Ilikuwa deni, na deni likadaiwa lote kwa wakati mmoja, tena na watu ambao baadhi yao walikuwa wameshapoteza paa. Kamishna anayezuia kila nyongeza hushangiliwa leo, na yule anayekubali kila nyongeza hafai kuwa na ofisi. Ugumu wote wa kazi uko katikati ya hao wawili, na ndiyo maana inahitaji watu wanaojua kuhesabu.

Waliokataliwa na kampuni zote California huangukia FAIR Plan. Wengi huiita bima ya serikali, na sivyo. Ni mfuko ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1968, unaobebwa na kampuni zote zilizopewa leseni ya kuuza bima za mali jimboni. Bima yake ni finyu na bei yake si ndogo. Baada ya moto wa Januari fedha zilipungua, na Februari 2025 kamishna akaruhusu kampuni wanachama zichangishwe dola bilioni 1, ambapo hadi nusu yake zingeweza kuipeleka kwa wateja wao. Ndivyo mtu wa Fresno, mamia ya kilomita kutoka moto ulipowaka, anavyoweza kukuta mstari mpya kwenye ankara yake.

Kampuni ikifa

Hapa ndipo kazi ya Wright inapoendelea kimyakimya. Tangu miaka ya 1990 majimbo hupima mtaji wa kila kampuni kulingana na hatari iliyobeba. Kampuni inayouza bima za vimbunga hutakiwa mtaji mkubwa kuliko inayouza bima za meno. Mtaji ukishuka chini ya mara mbili ya kipimo cha msingi, kampuni lazima ilete mpango wa kujirekebisha. Ukishuka chini ya asilimia 70 ya kipimo hicho, kwa kawaida sheria humtaka kamishna achukue funguo.

Aprili 1991 Garamendi alichukua funguo za Executive Life, iliyokuwa imejaza kihenge chake kwa hati za mikopo za kampuni dhaifu zenye riba ya kuvutia. Wenye bima wengi hatimaye walilipwa, lakini wapo waliopoteza sehemu ya haki yao na waliosubiri kwa miaka. Kwa ajili ya siku kama hiyo kila jimbo lina mfuko wa dhamana, unaochangiwa na kampuni zilizobaki hai. Una kikomo, katika majimbo mengi fidia ya kifo hulindwa hadi dola 300,000. Mwenye hati ya dola milioni 1 katika kampuni moja afikirie hapo.

Watu huuliza, basi mbona AIG, kampuni kubwa ya bima, ilianguka mwaka 2008 mbele ya makamishna? Kilichoizamisha zaidi ni tawi lake la biashara za fedha, lililokuwa nje ya mamlaka yao, ingawa hata baadhi ya kampuni zake za bima ya maisha zilikuwa zimekopesha hati zao za uwekezaji kwa namna ya hatari. Serikali kuu iliahidi hadi dola bilioni 182 kuiokoa. Kampuni zake zilizouza bima za nyumba na magari ziliendelea kulipa madai, kwa sababu sheria za majimbo zilizuia kampuni mama kuchota akiba zao ovyo.

Milango ambayo si yake

Sehemu hii isome taratibu kama unafanya kazi ghalani, hospitalini au kiwandani. Kadi ya bima ya afya uliyopewa na mwajiri inaweza kuwa na jina la kampuni kubwa ya bima, na bado isiwe bima chini ya kamishna. Waajiri wengi wakubwa hulipa matibabu kwa fedha zao wenyewe. Kampuni iliyoandikwa kwenye kadi imeajiriwa kushughulikia makaratasi tu. Mipango hiyo iko chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, na msimamizi wake ni Wizara ya Kazi ya Marekani. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima ya kazini wako humo. Nimeona mtu akipoteza miezi akiandikia idara ya jimbo kuhusu upasuaji uliokataliwa, kumbe mlango haukuwa huo. Mwulize ofisa wa rasilimali watu swali moja: mpango huu unalipwa na mwajiri mwenyewe, au umenunuliwa kwa kampuni ya bima?

Mafuriko nayo yana mlango wao. Hati ya kawaida ya bima ya nyumba haigusi maji yanayopanda kutoka nje. Bima hiyo hununuliwa kando, mara nyingi kupitia mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1968. Kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston mwaka 2017, familia nyingi zililijua hilo zikiwa juu ya meza.

Kisha kuna mipango ya kidini ya kuchangiana matibabu, inayonadiwa katika baadhi ya makanisa. Huenda imemsaidia mtu unayemfahamu. Lakini si bima, haina ahadi ya kisheria ya kulipa, haina mfuko wa dhamana, na ikikataa kulipa kamishna hana mahali pa kuishika. Ni ndugu ya michango yetu ya misiba: ina nguvu ya watu walio ndani yake, haina nguvu ya akiba iliyokaguliwa. Na yule kaka anayeuza bima za malori kwa simu, bei nusu ya wengine, malipo kwa Zelle, njia ya kutumiana fedha kwa simu: kabla ya kutuma hata dola moja, ingia kwenye tovuti ya idara ya jimbo lako uandike jina lake na la kampuni. Leseni huonekana hapohapo. Lori la mizigo linalovuka majimbo kwa biashara kwa kawaida hutakiwa na sheria ya taifa kuwa na bima isiyopungua dola 750,000, na hati ya bandia haitamlipa yeyote barabarani.

Kama mlango ni wa kamishna, malalamiko hayana ada wala hayahitaji wakili. Uliza kama kuna mkalimani wa Kiswahili. Andika tarehe, namba ya hati, namba ya dai, na jina la kila uliyeongea naye. Idara huipelekea kampuni barua yako na kuitaka ijibu. California kampuni ina siku 21. Kamishna si hakimu, hataamua nani alisababisha ajali wala paa lako lina thamani gani. Anachoweza ni kuilazimisha kampuni ieleze, kwa maandishi, ni mstari upi wa hati umeitumia kukukatalia, na kama mstari huo haupo, au muda wa kisheria umepita, mambo hubadilika upesi.

Hata ukijibiwa kwamba kampuni ilikuwa sahihi, barua yako haitupwi, hubaki kwenye kumbukumbu za idara. Malalamiko yaliyothibitika huhesabiwa kwa jina la kampuni, yakalinganishwa na ukubwa wake, na hesabu hiyo huwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kununua. Wahaiti wa mtaa wa pili wakilalamika jambo lilelile, na Wasomali wa mji wa jirani, na bibi mmoja wa Kimarekani asiyemjua yeyote kati yenu, basi asubuhi moja mkaguzi hufika kwenye ofisi za kampuni hiyo na kuomba mafaili yote ya madai yaliyokataliwa mwaka ule.